Jokofu Zima

Mashine za nyumbani zilitii chochote kilichoandikwa kwenye wiki ya mtaa, tovuti ambayo wakazi waliiandika wenyewe, na Bi Nakijwa alikuwa mmoja wa waliojitolea kuihariri. Juzi aliandika: "Safisha jokofu zima." Alimaanisha lote. Majokofu yakasoma "zima," yakajizima kila nyumba. Jana akasahihisha.

Leo jirani yake Tumsifu akaja na kichanga kifuani, mkononi bakuli la uji wa uzazi, ule wa kuongeza maziwa.

"Maziwa niliyomkamulia yamechacha yote, bibi, na mengine hayatoki. Aliyeandika vile alikuwa amelewa nini?" Akacheka kidogo. "Ila nimeambiwa wewe ndiye uliyesahihisha. Asante. Kunywa, nimekugawia wangu."

Bi Nakijwa akafungua mdomo aseme ukweli. Kichanga kikalia kwa njaa.

Akaunywa uji.