Kanuni ya Dirishani

Enzi wanyama walipokuwa na serikali yao, posho ya wasiojiweza ilikuwa mikononi mwa Ngiri, karani msahaulifu kupindukia. Alibandika kanuni dirishani: "Aliyefika kwa miguu yake anajiweza, hapewi. Asiyefika, jina lake lifutwe." Ghala likabaki limejaa, naye akasifiwa.

Siku moja akavunjika mguu, kazi akapewa Nungunungu. Ngiri akajikokota hadi dirishani kuomba posho.

"Pole, mzee," alisema Nungunungu, "lakini umefika mwenyewe, kwa hiyo unajiweza."

"Mpumbavu gani alitunga kanuni hii?"

Nungunungu akamwonyesha sahihi chini ya karatasi. Ngiri akaikodolea macho, kisha akacheka mpaka mguu ukamuuma.

"Kumbe ni mimi! Ila siku ile nilikuwa na miguu minne."