Dawa Haionjwi

"Kunywa yote," mama mkwe alisema. "Usibakize hata tone."

Mke wa mwokaji mikate alishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akapiga mafunda matatu, kisha akakunja uso kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Akakiweka mezani kikiwa nusu ili apumue kidogo.

"Huo uchungu si kitu," mama mkwe akamcheka. "Ungoje wa kuzaa."

Mambo yalikuwa hayo kila asubuhi kwa miezi mitano. Nyumba nzima ilinuka mizizi na magome yaliyochemshwa. Harufu ilikuwa imeingia hadi kwenye nguo alizokuwa akishonea wateja sebuleni. Wiki hiyo alikuwa ameshona shuka tatu za watoto wachanga, zote za watu wengine, na ya tatu aliishona machozi yakimlengalenga.

Dawa ilitoka kwa tabibu wa tiba za Kichina, mtu mpole mwenye kabati la droo ndogondogo zisizo na idadi. Hospitali walikuwa wameshapima, wakatoa vidonge na bahasha ya majibu, wakasema mitishamba haina ubaya ikienda sambamba na vidonge. Siku waliyoifungua bahasha hiyo, mume alimshika mkono mkewe akaapa: "Hili ni letu sote wawili. Sitakuacha ulibebe peke yako."

Kwa tabibu walikwenda pamoja. Aliwashika wote wawili mikono, vidole vitatu juu ya mshipa, akatulia kama anayesikiliza hodi ya mbali. Akawatazama ndimi. Kisha akapima vitu vyake kwenye mizani, akafunga pakiti.

"Hii imepimwa kwa mwili wa mtu mmoja," alisema. "Mwingine asionje. Vidonge viendelee, na joto kali liepukwe."

Hilo la kutoonja ndilo mke alilolitilia mkazo zaidi nyumbani. Mama mkwe, mwanamke wa kuonja kila kilicho jikoni hata kama hakuitwa, alikiheshimu kikombe kile kama moto.

Mwokaji mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Wiki ileile waliyorudi kutoka kwa tabibu aliomba atolewe kwenye tanuri, akawekwa kaunta kuuza mikate. Mama yake alipopata habari alijipiga paja.

"Miaka kumi mbele ya moto, leo mwanangu anafungia watu skonzi! Mawazo ya nyumba hii ndiyo yanamshusha, na kila mtu anajua yanatoka kwa nani."

Mke alilimeza na hilo. Lilimuuma, tusidanganyane. Lakini aliinuka, akamfungia mumewe mkate na chupa ya chai ya kwenda nayo kazini, kama alivyofanya siku zote. Miezi ya mwanzo mumewe alikuwa akimbana vidole kidogo anapoipokea. Siku hizi alipokea chupa tu, macho yakiwa mlangoni.

Asubuhi hii, hata hivyo, mama mkwe hakumwacha mwanawe aondoke.

"Kaa," alimwambia. "Mnisikilize wote wawili. Subira huvuta heri, lakini hii ya kwenu inavuta miaka. Nimempata binti mmoja, mtulivu, kwao wanazaa bila kupumzika. Jumamosi nakwenda kuonana na wazazi wake."

Sindano ya cherehani ilikuwa imeachwa katikati ya mshono. Mke aliitazama, kisha akamgeukia mumewe. Alingoja neno moja. Hata kikohozi kingemtosha, apate kujua kwamba kiapo kile bado kipo mahali fulani.

Mwokaji alikuwa akibonyeza chembe za mkate mezani kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Kama mama ameona hivyo," alisema mwishowe, "mimi ni nani nipinge?"

Mke alihisi kitu kikimkatika ndani, taratibu, kama uzi uliovutwa kupita kiasi.

"Na wewe mkwe wangu," mama mkwe aliendelea, sauti ikilainika maana ushindi ulikuwa wake, "sikuchukii. Kama una neno liseme. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Kweli, mama. Walisema."

Akakisukuma kikombe chake kilichobaki nusu hadi mbele ya mama mkwe.

"Onja."

"Wewe! Si tabibu alikataza?"

"Onja tu, mama."

Mwokaji aliinua kichwa. "Mke wangu," alisema haraka, "tafadhali." Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkewe tangu kupambazuke, na lilikuwa limechelewa.

Mama mkwe aligusisha midomo. Akanywa funda dogo, kisha kubwa. Akachungulia ndani ya kikombe.

"Mbona hii ni chai ya rangi?"

Mke alikuwa ameshafungua chupa ya mumewe ya kazini. Harufu ya mizizi na magome ikapanda, ikajaa meza nzima. Akajaza kikombe kingine hadi ukingoni, akakisogeza mbele ya mwokaji.

"Kunywa, mume wangu," alisema. "Usibakize hata tone."