Ugali wa Sakafuni

Jumatatu, tarehe 3 Juni, kulipambazuka na manyunyu na baridi. Katika karakana ya ukoo wa Mkunde, unaounda mashine za kuoshea sakafu za viwanda tangu enzi za babu yake, mashine haitoki mpaka aliyeiunda ale ugali uliowekwa juu ya sakafu iliyooshwa nayo. Leo ilikuwa zamu ya Mkunde. Shangazi Ndeshi alikwisha kusema wazi: ikishindwa, karakana inauzwa.

Shangazi alimwaga oili chafu, Mkunde akapitisha mashine yake, mafundi wakashangilia. Ugali ukatuliwa chini, ukifuka mvuke.

"Kula, bosi mtarajiwa!" fundi Mbazi alimtania. "Au unasubiri mchicha uote hapo?"

Mkunde alipiga magoti, akasali, akamega tonge. Pale alipomega, sakafu iling'aa rangi za upinde wa mvua. Oili ilikuwa imebaki, nyembamba kama utando wa buibui. Akalirudisha tonge.

"Shangazi, imeshindwa."

"Unajua ulichosema?"

"Najua." Alisimama, akawageukia wote. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: leo nabadilisha brashi, kesho nakula hapa hapa. Na karakana hii, shangazi, hutaiuza."