Kigoda Chini ya Saa

Dada alikisogeza kigoda nyayo mbili tu kutoka ukutani, akarudi nyuma akakitazama. Pale kilipokaa sasa, kwenye njia nyembamba ya kutoka mlangoni kwenda chumbani, mtu anayeingia mbio lazima akipige kwa ugoko.

"Kitinda ajikwae kidogo tu," alijiambia. "Hatakufa. Hilo koti lake jekundu lilambe sakafu."

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoruhusiwa kuhama. Baba alikuwa seremala, na tangu mwaka uanze alikuwa amegeuka askari wa fanicha: kigoda chini ya saa, ndoo kushoto mwa mlango wa jikoni, viatu chini ya benchi. Hata pembe za meza ya chakula alizipiga randa mpaka zikawa mviringo kama sahani. Dada alidhani ndio mtindo mpya.

Kwa wiki tatu Mama na Kitinda walikuwa ng'ambo, wakitalii, na leo walikuwa wanarudi. Kitinda, kitindamimba wa nyumba, miaka minane, asiyejua hata kuosha kikombe chake. Yeye, miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani, kila mtu akimwita Dada kana kwamba hakupewa jina jingine, aliachiwa jiko na funguo zake.

Picha ziliingia kwenye simu ya Baba kila jioni. Kitinda ndani ya kibanda cha kioo kinachoning'inia kwenye waya juu ya bonde. Kitinda amekumbatia bonge la theluji. Kitinda kwenye mashua, mdomo wazi, na nyuma yake mkia wa nyangumi umesimama kama mlango. Baba alizikuza kwa vidole viwili, akazitazama sana, kisha akaenda kunawa uso. Vumbi la mbao, alisema. Dada alibaki na simu mkononi, akazipitia tena moja moja kwa wivu.

Siku moja Kitinda mwenyewe alipiga.

"Dada! Nyangumi anarusha maji kichwani kama bomba limepasuka! Na theluji si nyeupe, ujue. Ukiiangalia sana ina bluu ndani."

"Hongera."

"Na tumepanda mnara, ngazi mia tatu na kumi! Mama nusura atapike!"

Nyuma yake sauti ya Mama ikasikika: "Achana na simu kwanza, mwanangu. Angalia jua linavyoshuka. Angalia mpaka uchoke."

Dada akakata. Huku kwao yeye aliambiwa aangalie wali usiungue.

"Kwa nini yeye, Baba?"

Baba alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti. "Zamu yako itafika. Wewe una muda."

"Una muda, una muda! Kila kitu yeye. Miwani kabadilishiwa mara tatu mwaka huu, mimi hata rula naazima. Yeye akivunja vikombe, 'pole mama, hujaumia?' Mimi nilivunja kifuniko kimoja nikasemwa wiki nzima!"

Baba aliweka msasa chini. Akaupangusa mguu wa kiti kwa kiganja.

"Mama yako akirudi tutakaa wote tuongee," alisema mwishowe.

Dada aliyajua maongezi hayo. Mkubwa ni jalala, mkubwa avumilie, dada mkubwa ni mama wa pili. Aliingia jikoni akazipigisha sufuria kelele mpaka majirani wakafunga madirisha.

Sasa teksi ilikuwa imesimama nje. Baba alikuwa akishusha masanduku, Mama akicheka na kulalamikia miguu. Dada alisikia viatu vidogo vikija mbio barazani. Akakitupia kigoda jicho.

Kitinda alitokea mlangoni, koti jekundu limefunguka, daftari mkononi. Akasimama ghafla kizingitini.

"Dada yuko wapi?"

"Si huyu hapa mbele yako? Au ng'ambo imeshakusahaulisha watu?"

"Njoo basi! Njoo karibu na mlango, kwenye mwanga."

Dada alisita. Kisha akakiruka kigoda, akasimama mbele yake, kigoda kikabaki nyuma ya miguu yake.

"Hapo hapo! Usisogee."

Kitinda akafungua daftari. Mama alikuwa ameandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa kama za chekechea: mnara, theluji, bonde, nyangumi, machweo. Kila mstari ulikuwa na alama ya vema. Wa mwisho tu haukuwa nayo, na kidole gumba cha Kitinda kilikuwa kimeufunika.

"Naona kimebaki kimoja," Dada alisema. "Mnaenda tena?"

"Hakiko mbali." Kitinda akaondoa kidole. Pameandikwa: Dada.

"Mama alisema nikuweke mwisho, eti kinachoonwa mwisho ndicho hakifutiki. Daktari anasema likizo ijayo macho yangu yatakuwa yamezima yote mawili. Simama vizuri basi, na usinune, nisije nikakukariri umenuna!"

Dada akatabasamu. Halafu, bila kugeuza uso, akakitafuta kigoda kwa kisigino nyuma yake, akakisukuma polepole mpaka kikagusa ukuta.