Gari-Nyumba Lililolala Njiani

Kama ni kumtafuta mjinga wa siku ile, usiende mbali: alikuwa fundi betri, bisibisi mkononi na uhakika tele kichwani.

Asubuhi hiyo alikuwa na haraka zake. Nyumbani alimwacha mke na kichanga cha wiki tatu, binti wa kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja, na alikuwa ameahidi kurudi kabla mtoto hajaamka. Simu ikalia: gari limezima kando ya barabara kuu, betri haina kitu. Akafunga betri yenye chaji nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Lilikuwa gari-nyumba, yale magari yenye vitanda na jiko humo humo. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Dereva, mwanamume mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa amesimama mbali nalo. Fundi akanyoosha mkono wa salamu. Dereva akaficha wake nyuma. Alikuwa amevaa glavu, na jua lote lile!

"Betri iko chini ya kiti changu," akasema. "Feni imekesha ikizunguka. Liwashe tu, fundi. Huko nyuma usifike."

"Kwani nyuma kuna nini, magendo?" fundi akatania.

"Dada yangu. Amelala."

Hakucheka hata kwa adabu. Fundi akaona ainue kiti.

Betri ilikuwa imekufa fofofo, lakini jicho lake halikutulia kwenye betri. Upenyo wa kutoka kwa dereva kwenda nyuma ulikuwa umezibwa kwa nailoni, tabaka juu ya tabaka, utepe wa gundi pembe zote. Mtu huziba hivyo, akawaza, asipotaka sauti itoke.

Sauti ikatoka. Kwanza kugonga, mara tatu, kinyonge. Kisha: "Maji."

Dereva akakimbilia dirisha la ubavuni, lakini hakulifungua. "Yamo kwenye ndoo, dada. Jikaze. Bado kidogo tu."

"Si umesema amelala?" fundi akauliza.

"Fundi, nimekuita kwa ajili ya betri."

Hapo ndipo ushujaa ulipompanda. Fundi alikuwa mtu wa mizaha, ila amekulia nyumba ambayo vilio vya mama yake vilisikika mtaa mzima, na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kubisha hodi. Tangu utotoni alijiapiza kwamba yeye atabisha.

Akaunganisha nyaya. Kibanio kimoja akakikaza, kingine akakiegemeza tu juu ya betri. Dereva akazungusha ufunguo: tik, tik, kimya.

"Betri yangu ndogo kwa gari hili," fundi akadanganya bila kupepesa. "Kimbia pale kwenye kona usimamishe lori, tuchote moto kwake."

Dereva akalitazama gari, akamtazama fundi. "Nyuma usifike," akarudia, kisha akatimua mbio.

Kabla hajapotea kwenye kona, fundi alikuwa keshafika nyuma. Kitasa hakikuzunguka. Kwa nje hapakuwa na kufuli wala komeo. Hilo aliliona, ila hakujiuliza. Akaanza na bawaba: skrubu ya kwanza, ya pili.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, imekwaruza. "Usifungue!"

"Usiogope, dada. Mimi si mwenzake."

"Nakuomba, usifungue!"

Huyu katishwa mpaka basi, fundi akawaza, akang'oa bawaba ya mwisho.

Joto na harufu kali ya dawa vikamvaa usoni. Mwanamke alikuwa sakafuni, nguo zimemganda kwa jasho. Alipomwona akajiburuta kinyumenyume hadi ukutani, akajiziba mdomo kwa shuka. Fundi hakungoja maelezo. Akamnyanyua begani, mwepesi kama kapu tupu, akashuka naye huku mwanamke akimkoholea shingoni njia nzima. Akamlaza kivulini. Akavua shati, akamfuta uso taratibu, kisha akajifuta na yeye jasho kwa shati hilo hilo.

Dereva akarudi mbio, bila lori. Hatua kumi kabla ya kuwafikia akasimama ghafla, kama aliyefika ukingoni mwa shimo.

"Umemgusa?"

"Nimemgusa, ndiyo! Unamfungia mtu kama kuku wa mnadani, tena dada yako! Mwanamume mzima huna hata haya?"

"Mungu wangu. Umemgusa."

"Tena nimembeba! Sogea basi, njoo uniulize vizuri."

Dereva akarudi nyuma hatua mbili. Fundi akacheka kwa dharau, akamwinamia mwanamke. "Unamwona, dada? Mkali kwa waliofungiwa tu. Twende kwangu. Mke wangu atakupokea, utaoga, utakula, utapumzika chumba cha mtoto."

Mwanamke akafumbua macho. Weupe wa macho hayo wote ulikuwa damu.

"Una mtoto?"

"Wa wiki tatu."

Akakusanya pumzi. "Kaka, mimi ni nesi, na wodi nzima nimebaki hai mimi tu. Kama unampenda huyo mtoto, panda garini ulale kitanda cha pili."