Kura ya Alhamisi

Siku hizi sheria ya matibabu kwa wote hupigiwa kura upya bungeni kila Alhamisi, saa nne asubuhi. Ikishindwa, mashine zote za matibabu za majumbani zinazimwa kutoka makao makuu, hata kama mtu bado ameunganishwa.

Ya mama mkwe wangu ipo sebuleni, kando ya runinga. Inamwosha damu. Alhamisi huwa namwunganisha alfajiri ili amalize kabla ya kura. Leo aligoma kuunganishwa mpaka kanga aliyopewa na mbunge wetu ikauke aivae, maana mbunge angezungumza bungeni.

Kura ikamkuta bado ana saa nzima. Kwenye runinga mbunge akasimama, akasema wazima wamechoka kubeba wagonjwa.

“Sema, baba,” mama akaitikia.

“Mama, hao wagonjwa ni pamoja na wewe.”

“Mimi siumwi, mwanangu. Naoshwa damu tu.”

Upande wa mbunge ukashinda kwa kura tatu. Mama akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, kwani mwingine ulikuwa na mipira. Mashine ikanyamaza.

“Umeme umekatika?” akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Runinga ilikuwa bado inaongea, na yeye alikuwa anaitazama.