Mlango Unaoitikia Hodi

Lisemwalo lipo, walinena wahenga; kwa Riziki, lisilosemwa ndilo lililokuwepo. Siku hizi kila kitasa cha mji huonja damu ya anayekishika, na hodi huitikiwa na mlango wenyewe.

"Karibu, Riziki. Huna virusi vya Ukimwi," mlango ulimwambia, kama ada yake.

Ndani, mwanawe mchanga alikuwa akilia njaa. Riziki alimpita, akaingia jikoni, akakamua maziwa yake na kuyamwaga kwenye sinki. Kisha akatoka kupiga hodi upya, pengine safari hii mlango ungesita.

Haukusita.

"Mwanangu, hata kasuku wa jirani ameshakariri majibu yako," alisema mama mkwe, Bi Mwanakombo, huku akimbembeleza mtoto aliyekataa chupa. "Mnyonyeshe."

"Mlango haunijui, mama. Mwili huu naujua mimi; virusi vimo, na simpi mwanangu."

"Basi angalau mwombe mwanao radhi. Unamnyima haki yake."

Riziki alimtazama mtoto akinyonya kidole chake mwenyewe. Mkono wake yeye Riziki ulikuwa umeshakirudia kitasa.

"Simwombi radhi," alisema. "Wala sitamwomba."